Mbao za Kogo Rael

Harufu ya saipresi iliyokatwa sasa hivi ni tamu kidogo na kali kidogo, na mvua ikinyesha inazidi. Inaingia jikoni, inakaa kwenye sweta la shule hadi Ijumaa. Sisi tulilelewa ndani ya harufu hiyo. Kiwanda cha Baba kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Yamumbi, wakati huko bado kulikuwa mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, na nyumba yetu ilikuwa nyuma yake, karibu na rundo la unga wa mbao ambalo mimi na ndugu zangu tulilipanda na kuteleza juu yake kama kilima. Msumeno ulianza kulia saa moja asubuhi, na ukinyamaza ghafla katikati ya siku Mama alitoka nje na mikono yenye unga kuangalia kama kuna mtu ameumia. Malori yalileta magogo kutoka msituni, yakaondoka na mbao za kujengea maghala kule Moi's Bridge, na madarasa, na makanisa. Jina halisi la Baba karibu lisahaulike. Watu wote, hata mhubiri wetu, walimwita Mzee Mbao.

Baba alikuwa na desturi moja ambayo hakuizungumzia. Mtu akifiwa, alikuja kiwandani kofia mkononi, na Baba alimuuliza jambo moja tu: marehemu alikuwa na urefu gani. Kisha Okello, mkata mbao wetu aliyetoka upande wa ziwa, aliingia stoo na kuchagua mbao za jeneza, na mfiwa akaondoka nazo bila kulipa. Kogo Rael peke yake ndiye aliyekuja kuchagua zake akiwa hai. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya, na yeye alikuwa kogo wa kijiji kizima. Aliishi ng'ambo ya kijito, na hakuna mtoto aliyepita kwake bila kupewa kikombe cha mursik, maziwa yake ya kibuyu yenye ladha ya moshi. Siku hiyo aligonga mbao kwa fimbo yake, moja baada ya nyingine, akisikiliza. "Hii ya mkaratusi sitaki," akamwambia Baba. "Itapasuka nikiwa chini huko, na sitakuwa na mtu wa kulalamikia." Alichagua sita za saipresi. Baba alicheka, lakini alimwahidi, na Okello akazipandisha juu darini zikauke. Tangu hapo hakuna aliyezigusa. Zilikuwa za Kogo.

Nilikuwa darasa la tano Baba aliposimama udiwani. Wazee wa wadi walikuja wakaketi kwenye magogo, wakamwambia barabara imekufa, malori yake mwenyewe yanakwama, na mtu anayewajua watu kama yeye hana budi kujitokeza. Mama hakufurahi. Aliyekuwa akishindana naye ni Mwalimu Barno, mwalimu mkuu wa shule yetu, aliyetufundisha hesabu, na tena mtoto wa pekee wa Kogo Rael. Msimu wote huo niliishi kama mtu mwenye miguu katika nyumba mbili. Asubuhi nilisimama wima Mwalimu akiingia darasani, jioni nilisikia kijana aitwaye Kirwa, msimamizi wa kampeni ya Baba, akimchambua Mwalimu mbele ya chai ya Mama.

Wiki mbili kabla ya kura, Kogo Rael alifariki. Sisi wasichana wa darasa la tano tulitumwa kuteka maji ya waombolezaji, kwa hivyo nilikuwepo lori la Baba lilipoingia na zile mbao sita. Mlangoni mwa lori Kirwa alikuwa amebandika picha kubwa ya Baba. Mwalimu Barno alitoka nyumbani polepole, akaitazama picha, kisha akamtazama Baba.

"Mzee, asante," alisema. "Lakini rudisha."

"Ni za mama yako. Alichagua mwenyewe."

"Najua. Alinionyesha mpaka urefu. Lakini nikizishusha leo, kesho kila mtu atasema umenizikia mama. Mimi nitasimama wapi tena?"

Baba akarudi kwenye lori. Liligeuzwa pale pale uani, na wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakainamisha vichwa. Nilibeba mtungi wangu na kujifanya sijamwona Baba.

Jioni hiyo Baba hakugusa ugali. Mama alimwacha mpaka tukamaliza kula, kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ulimwahidi Kogo kabla hujawa na picha kwenye lori. Peleka kama zamani." Kesho yake alfajiri Baba na Okello walizifunga zile mbao na kuzibeba mabegani, wakavuka kijito kwa miguu, nami nikiwafuata nikielekea shule. Mwalimu aliwakuta langoni. Baba alimwambia kwamba hakuna atakayejua zimetoka wapi, si kwa kinywa chake wala cha Okello.

"Na mazishini?" Mwalimu akauliza. "Watakuita uongee."

"Sitaongea."

Mwalimu akashika upande wa mbao uliokuwa begani mwa Okello, wakaingia nazo pamoja. Okello alibaki huko kutwa akitengeneza jeneza.

Siku ya mazishi watu walijaa hadi shambani. Mshereheshaji alimwita Baba mara ya kwanza, na Baba akatikisa kichwa. Akamwita mara ya pili kwa sifa nyingi, na Kirwa akainama akimnong'oneza kwa hasira kwamba kura za wadi nzima ziko pale zimekaa. Baba aliendelea kutazama magoti yake. Nilisikia mnong'ono ukitembea kutoka hema moja hadi jingine, na nilitamani ardhi inifunike. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeiva. Watu waliliona lori likirudi na mbao, basi wakamaliza hadithi wenyewe: Mzee Mbao, aliyempa kila mtu, amemnyima Kogo Rael kwa sababu ya siasa. Jumatatu msichana mmoja aliniambia hivyo darasani, kwa sauti, Mwalimu akiwa anaandika ubaoni. Chaki ilikatika mkononi mwake. Nilingoja ageuke aseme ukweli. Aliokota kipande kilichobaki akaendelea na hesabu ya sehemu, na mimi nikalia bila kutoa sauti mpaka kengele ikalia.

Baba alishindwa, Mwalimu akawa diwani. Siku chache baadaye Mwalimu Barno alikuja kiwandani peke yake. Okello alizima msumeno, Mama akatoa chai, na wanaume wawili wakaketi kwenye gogo. "Ilifaa niseme," Mwalimu alisema hatimaye. Baba akamjibu, "Tulikubaliana," na wakazungumza habari za barabara. Mimi sikumsamehe Mwalimu kwa miaka mingi. Sasa nina umri mkubwa kuliko wake wa wakati ule, na sina hakika ningefanya tofauti.

Uchaguzi uliofuata Baba alisimama tena, na safari hii alimsikiliza Kirwa. Mbao za wafiwa zilipelekwa na lori lenye picha, mshereheshaji akatangaza zimetoka kwa nani, na Baba akasimama akaongea, kwa ufasaha ambao sikujua anao. Alishinda, akakaa udiwani vipindi viwili. Barabara ilitengenezwa, hilo siwezi kumnyima, na mpaka leo wazee wa Yamumbi humsalimia kwa heshima. Ila hakuna aliyekuja tena kiwandani kofia mkononi kuulizwa urefu wa marehemu wake. Walipita kwanza kwa Kirwa.

Kiwanda kiliuzwa siku nyingi. Pale kilipokuwa kuna nyumba za kupangisha, ghorofa nne, nguo zimeanikwa kila roshani. Mwezi uliopita nilimpeleka Baba mazishini Sugoi. Magoti yamemchosha, kwa hivyo tuliketi karibu na njia. Jeneza lilinunuliwa mjini, limepakwa rangi ya kung'aa na vishikio vya dhahabu, na wanasiasa walipokezana kipaza sauti kwa saa tatu kabla ya marehemu kutajwa vizuri. Vijana walikuwa wakitazama simu zao. Baba alisikiliza yote, mikono juu ya mkongojo. Tukiwa njiani kurudi, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa nini hakuongea siku ile kwa Kogo Rael hata kidogo, hata maneno mawili ya kumuaga.

"Kogo aliniomba mbao," alisema. "Hotuba hakuniomba."

Nilipunguza mwendo. "Na hao wengine, baadaye?"

Tulipita mashamba mawili ya mahindi.

"Hao pia hawakuniomba," alisema, akageuza uso dirishani.