Siku Aliyozikwa Liwali

Juzi dukani kwangu Deira, huku ughaibuni, vijana wawili waliosoma walikuwa wakifunga mizigo ya Tanga huku wakimbishania liwali wa kale wa mji wetu.

"Alimkubali Muumba tu, dua hakuziamini," alisema mmoja.

"Muislamu safi yule! Usimzulie maiti."

"Khalas," nikawaambia. "Mie shule niliiacha darasa la pili, lakini alipozikwa nilikuwepo."

Nilikuwa mtoto, nimejibanza dirishani kwa wanawake. Nyumba ya liwali ilinuka udi na karafuu maiti. Mji mzima ulijua alivyokuwa akisema, kwamba Mungu ameiumba dunia akaiacha ijiendeshe, wala hasikilizi maombi ya mtu. Baba yangu, muosha maiti wa mtaa, ndiye aliyemuosha. Jeneza likawekwa uani, na imamu akauliza kama ilivyo desturi, "Mnamshuhudia vipi?"

Kimya. Nilisikia nzi tu. Leo najua maiti huzikwa, watu wajibu wasijibu. Siku ile niliamini kwamba wakinyamaza, liwali atabaki pale uani milele.

"Mtu mwema," alisema Baba, peke yake. Ndipo wengine wakaitikia, kwa sauti ya chini.

Njiani nilimuuliza kama amesema uongo.

"Nilipolala na ndui," alinijibu, "wote wale waliniombea dua wakiwa makwao. Yeye aliingia ndani na bakuli la uji, akaninywesha."