Jumanne za Kumfokea Sista

Siku hizi vikundi vya kina mama vya kutibiana kwa maongezi viko Thika mpaka Ruiru, na kila kiongozi anajidai ndiye aliyeanza. Waongo hao. Huku kwetu alianza mmoja, nesi mstaafu wa Ngoingwa tuliyemwita Sista, na mimi nilikuwa kwenye kikundi chake cha kwanza kabisa, mtaani Kiandutu. Tulimzika mwaka jana. Mimi sasa naongoza changu, na natembea kifua mbele nikisema aliyenifundisha ni nani.

Sista alituambia kwamba huzuni ikikulemea, yeye huuliza kwanza habari ya watu wako: umekosana na nani, umempoteza nani. Sisi, kwa kuwa tulikutana kanisani, tukadhani ni ibada. Kila mmoja akasimama, akamsifu Mungu, akasema yuko sawa, akaketi. Sista akasikiliza mpaka wa mwisho.

"Basi kama nyote mko sawa, wacha nirudi nikapalilie sukuma zangu."

Tukacheka kwa aibu. Mimi sikuwa sawa hata kidogo. Nilikuwa nimemzika binti yangu wa miezi saba. Kwa desturi yetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na ndivyo tulivyofanya. Tangu mazishi, mama mkwe wangu hakukanyaga kwangu wala kunipa pole. Nilikuwa nimekonda, na nilishaamua kumwacha mume wangu, mtu mzuri, ili nisimwone mama yake tena.

"Nikikutana naye nitamtusi," nilimwambia Sista.

"Nitusi mimi kwanza."

Akavuta kiti, akajifunga leso kichwani, akawa mama mkwe. Nilimfokea wiki baada ya wiki, kila Jumanne, wenzangu wakitazama. Kila mara aliuliza, "Nimesikia hasira yako. Sasa unataka nini kwangu?" Jumanne ya nne ndipo nilipokubali kwamba nataka pole tu. Tukatafuta maneno ya kuiomba, tukayafanyia mazoezi mpaka kikundi kizima kikayakariri.

Nikaenda kwa mama mkwe, Ruiru. Akanimiminia chai, na maneno yote yakanipotea. Nikasema tu, "Mama, hukunipa pole."

Akaweka kikombe chini.

"Pasta alilitaja jina langu pale kaburini," akasema. "Jina langu, na udongo unamwagwa. Nilirudi hapa nikalala siku tatu. Ni nani alikuja kuniuliza?"

Jumanne zote hizo, hakuna kati yetu aliyewaza hilo, hata Sista. Nikainuka, nikamshika mabega.

"Pole, mama," nikamwambia. Nilikuwa mtu wa kwanza kumpa. Ndipo akalia, na akanipa yangu.