Doa la Mafuta ya Korosho

Leo jirani anachoma korosho uani, na ule moshi mkali umenifanya nisahau nilichokuwa nikitafuta.

Moshi kama huu ulinirudisha utotoni, siku ile jicho la mama lilipokuwa jekundu, halitaki mwanga hata kidogo. Tulitembea kutoka kijijini kwetu Makote, yeye kajifunika kanga usoni, mimi nikimshika mkono, hadi kwa nesi wa misheni. Nesi alilifunua jicho, akaniruhusu nami nichungulie. Mboni ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, tena imepinda. Akatia matone ya kuipanua. Halafu, ajabu, akaliacha jicho akaanza kukagua mkono wa mama, mpaka kwenye doa lililopauka karibu na kiwiko.

“Na hili, mama?”

“Aa, hilo mafuta ya korosho yaliniunguza. Kwetu nani hana?”

Kweli, hata mimi nilikuwa nayo mawili. Nikasogea karibu nione mkono unahusiana nini na jicho. Sikujua bado kwamba vyote viwili ni ugonjwa mmoja, ukoma, na kwamba vidonge vyake tungevifuata pale kwa miaka.

Nesi akachukua unyoya wa kuku.

“Fumba macho. Nikikugusa, sema hapo.”

Akamgusa begani. “Hapo,” mama akasema, akacheka. Akamgusa shingoni. “Hapo.”

Kisha akaupitisha unyoya juu ya doa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Nikafungua mdomo nimwambie mama. Nesi akanitikisia kichwa.

Mama alikuwa bado anatabasamu, macho kayafumba.

“Nesi,” akauliza, “mbona umeacha?”