Waya wa Kamera ya Kwaya

Asubuhi hiyo stima ilipotea ikarudi, na mashine ya mama ya kuangulia mayai ikarudi nusu. Feni ilizunguka, lakini balbu ya joto ilibaki imezima. Mimi ndiye niliyemtengenezea mashine hiyo, nyumbani kwetu huku Bahati, nikaiwekea kompyuta ndogo ya kuiongoza: kibao kimoja cha saketi kinachotoshea kiganjani, kisicho na skrini wala kibodi. Kazi yake ni kupima joto na kuwasha balbu. Ndani mlikuwa na mayai ya mama na ya wenzake wa chama chao cha akina mama, na yalikuwa karibu kuanguliwa.

Mama hakunilaumu. Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazipanga katikati ya mayai. "Wewe ongea na kompyuta yako. Mimi nitashikilia hapa."

Kuongea nayo si kazi ngumu, hata kama hujawahi kujaribu. Unaunganisha kibao na laptopu kwa waya wa USB, na kama kibao kimetayarishwa, waya huo unakuwa mtandao wa mashine mbili tu. Kisha unapiga hodi: laptopu inatuma ujumbe mfupi, kibao kinajibu kwamba kipo. Kikijibu, unaweza kuingia na kurekebisha kilichoharibika.

Nilipiga hodi. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka, nikapiga tena. Kimya.

"Na taa ndogo ya kibao inawaka," mama akasema, akichungulia begani mwangu.

"Inawaka, mama, lakini hainisikii."

"Basi ni kama baba yako akiangalia habari."

Nilicheka, na kicheko kikanituliza hata nikautazama waya wenyewe. Nilikuwa nimeutoa kwenye kopo la mama, lenye nyaya za taa za sola na tochi. Nyingi za aina hiyo hupitisha chaji peke yake; hazina nyuzi za kubeba ujumbe. Kibao kilikuwa kinapata chakula bila njia ya kusema. Mimi niliuamini waya kwa sababu taa iliwaka, na waya wangu mzuri niliuacha Njoro, ninakoishi.

"Tunataka unaohamisha picha," nikamweleza mama.

Akatoka hadi kwenye ua, akamwita jirani, mwenzake wa chama anayetunza kamera ya kwaya. Jirani alifika mbio na waya, mikono imejaa unga.

"Mayai yangu yako humo, nicheleweje?"

Nikachomeka, nikapiga hodi. Mistari ya majibu ikaanza kushuka kwenye skrini. Nikaingia, nikakuta programu ya joto imekwama tangu stima iliporudi, nikaianzisha upya. Balbu ikawaka. Mama akaanza kutoa chupa, akigusa mayai kwa mgongo wa kidole kama anayepima homa ya mtoto. Bila chupa zile, nisingepata muda wa kukosea.

Nilipomrudishia jirani waya wake, alikataa. "Wacha ukae hapo mpaka vifaranga watoke."

"Na video ya Jumapili? Kamera mtaichaji na nini?"

"Tutaimba bila kurekodiwa."

"Afadhali," mama akasema. "Soprano mtapumzika aibu."

"We! Si ni nyinyi alto hupotea kwanza?"

Kifaranga wa kwanza kutoboa ganda alikuwa wa jirani. Mama alimpigia simu yeye kabla hata ya kuniita mimi nione.