Plagi za Gari la Bibi Harusi

Mkinicheka nitawaelewa, maana hadi leo nikipita karibu na lile kanisa la Lodwar huangalia upande wa pili. Ilikuwa 2012, kabla ya serikali za kaunti kuanza, nami nilikuwa karani niliyeletwa kutoka Nyeri, kichwani nina mambo mawili tu: uhamisho wa kurudi nyumbani, na gari langu la turbo (mji mzima ulilijua kwa mlio).

Bosi, ambaye ndiye wa kupitisha uhamisho, akaniomba nimpeleke binti yake kanisani siku ya harusi. Nikajiona nimefika. Lakini alfajiri ya siku ya harusi nilirudi nalo kutoka Kakuma likikohoa, na badala ya kuita fundi, nikaamua kubadilisha plagi mwenyewe nilikopanga, mtaa wa Nawoitorong, kwa sababu nilikuwa nimetazama video ya Mzungu mmoja kwenye simu na hakutoka hata jasho. Alisema injini ipoe kabisa kwanza, la sivyo plagi itakatika. (Alikuwa amevaa koti zito na nyuma yake kuna theluji, lakini hilo sikulitilia maanani.) Nikalitoa gari kivulini, nikaliweka uani lipate hewa, nikafungua boneti, nikaoga, nikavaa suti, nikarudi, nikagusa injini, ikaniunguza. Nikangoja. Jua kali la Lodwar likapanda, injini ikawa moto kuliko nilipoizima, na mimi kama mjinga nikazidi kungoja ipoe. Mwishowe nikafunga mkono kwa taulo, nikavuta spana kwa hasira, plagi ikakatika, nusu nje, nusu ndani ya injini.

Ndipo msafara wa bibi harusi, uliokuja kwa miguu kupanda gari langu, ukaingia kwa vigelegele, ukanikuta nimeinama kwenye gari lililofungwa riboni, suti imejaa grisi. Vigelegele vikafifia. Bibi harusi akaniuliza kama kuna gari lingine, nikamwonyesha nusu ya plagi mkononi. Lori la samaki wakavu kutoka Kalokol likasimama, dereva akatusalimia ejok kwa Kiturkana, akachungulia boneti.

“Gari imekataa? Bibi arusi apande hapa mbele na mimi. Samaki iko nyuma, haina shida.”

Shida ilikuwepo, na ilifika hadi madhabahuni. Mchungaji alifungisha ndoa akiwa amegeuza uso kukwepa harufu, na bosi akanitazama mimi, si maharusi.

Jumatatu akaniita ofisini huku akitabasamu, jambo lililonitia hofu.

“Uhamisho wako nimeupitisha,” akasema. “Unaripoti Nariokotome.”

Nariokotome iko kaskazini zaidi ya Lodwar, mbali zaidi na Nyeri, na wataalamu huenda huko kuchimba mifupa ya watu wa kale (nashuku ni makarani walioomba uhamisho). Tangu hapo gari likikohoa naita fundi, na akiniuliza lina nini, nasema sijui.