Picha ya Kwanza ya Opiyo

Mwaka wa 1957 askari mpelelezi Opiyo alikuwa Thika akijifunza kupiga picha mahali palipofanyika uhalifu. Mwalimu wake alikuwa na amri moja: piga kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Rahisi sana, ukiwa darasani!

Zoezi lake la kwanza lilikuwa Ruiru, kwa Mama Nelima, aliyeibiwa sanduku la nguo za mumewe.

"Usiguse kitu, mama," Opiyo alimwambia. "Naenda kuleta kamera."

Kamera? Nani atakubali kupigwa picha katika nyumba chafu? Opiyo aliporudi alikuta sakafu imefagiwa, meza imetandikwa kitambaa, na majirani wote wamejipanga ukutani na nguo zao za Jumapili. Alifoka mpaka akaishiwa maneno, kisha akapiga tu, maana hawangeondoka. Nelima hakumtazama jirani yeyote, alitazama kamera.

Mwalimu alipoiona picha hiyo alitaka kumfukuza darasani. Lakini Boaz, mumewe Nelima, alipoitwa kituoni kueleza vilivyoibiwa, aliitazama mara moja tu.

"Huyu wa katikati," akasema, "amevaa tai yangu ya harusi."