Chungu cha Pembeni

Mama mkwe hatii mguu bwawani kabla ya kusema, "Kwa jina la Mungu." Kila chungu cha yungiyungi hukishusha majini taratibu, kama anayelaza mtoto, mpaka mapovu yaishe. Majani makavu huyakwanyua huku akiyagombeza: "Wavivu nyie, na jua lote hili!" Tope halimtoki kwenye kucha hata siku ya ibada. Mkaza mwana humtazama kutoka dirisha la jikoni. Tangu wamzike yule waliyempenda wote wawili, maneno yamekuwa haba baina yao.

Chungu cha pembeni alikipanda marehemu. Asubuhi kilipochanua, mjane alishuka na kisu akate ua la kupeleka kaburini. Alipokizamisha kisu majini, mama mkwe akamdaka mkono.

"Juu ya maji, mwanangu! Bua hili lina matundu. Ukilikata chini litakunywa maji, mzizi uoze."

"Aliyeupanda naye ameshaoza, mama."

Mama mkwe hakuuachia mkono; aliuinua polepole pamoja na wake, mpaka kisu kikatoka majini.

"Ndiyo maana," akasema. "Kata hapa."